Mikono ya Surf na Mafundi wa Mdomo

Bashay hatuna uhaba wa mafundi. Tuna uhaba wa presi ya kutolea bushi, uhaba wa grisi isiyo na mchanga, na uhaba wa gari linaloweza kupita mbele ya duka bila kugonga uvunguni. Lakini mafundi wa mdomo, haki ya Mungu, tumejaliwa. Simama kando ya njia ufungue boneti, hata kama unaongeza maji tu, na kabla hujapata kitambaa cha kushikia mfuniko wa rejeta watakuwa wamefika watatu. Wa nne anakuja mbio akijifuta mikono. Huyo alikuwa shambani anapalilia saumu, hajawahi kumiliki hata toroli, na ndiye atakayesema kwa sauti kuliko wote.

Siku hizi kikao chao cha kudumu kinahusu mikono ya gari langu.

Gari lenyewe ni Toyota Hilux Surf ya miaka ya tisini, ile ambayo mafundi huijua kwa namba 185 na ambayo Wamarekani waliuziwa kwa jina la 4Runner. Mbele, kila gurudumu limeshikwa na mikono miwili, wa juu na wa chini. Gereji wanaiita apa-amu na loa-amu. Nyuma, ekseli imeshikwa na vyuma vinne vya urefu na kimoja cha kukatiza. Kila ncha ina bushi, yaani raba iliyogandishwa kati ya vibomba viwili vya chuma, kimoja ndani ya kingine. Nilizihesabu Jumapili moja nikiwa nimelala uvunguni, saa ambayo watu wenye akili wako kanisani: mbele nane, nyuma kumi. Ongeza boljointi nne. Tairodi sijazigusa, vyuma vya stabilaiza sijavigusa, na shokapu niliziruka makusudi kwa sababu nina presha.

Vyote hivyo vina kazi moja tu: gurudumu lipande na kushuka litakavyo, ila lisiende mbele, wala nyuma, wala pembeni. Ni kazi ndogo ukiifanya kwenye lami ya Babati. Ukitoka pale ukafika Dareda, ukaanza kuukwea ukingo wa Bonde la Ufa kwenda Bashnet na Dongobesh, ndipo utajua kwa nini mtu anaweza kulichukia gurudumu. Kupanda si neno, unapanda kwa gia ya chini na kwa sala. Kushuka ndiko kunakoua. Kila ukikanyaga breki, gurudumu linataka kubaki nyuma na gari linataka kwenda mbele, na anayewasuluhisha ni bushi ya loa-amu. Kiangazi njia inajaa mawimbi mafupi mafupi, nusu ya kijiji wanasema uyapite polepole na nusu wanasema uyapite mbio, na bushi haina kura. Masika ndiyo tope, na lile tope jeusi la mbugani huingia kila penye upenyo, kisha likakauka humo.

Na tusiisingizie barabara peke yake. Mtu wa Bashay akimwona mwenzake ana gari la juu, haoni gari, anaona huduma ya jamii. Mgonjwa wa Haydom nitampeleka mimi, maana hospitali ile ya Walutheri imekuwa ikipokea watu tangu 1955 na inaelekea wote walifika pale kwa gari la jirani. Msiba nitabeba masufuria. Harusi nitabeba bibi harusi, wapambe, na kwaya. Msimu wa saumu ukifika, gari linanuka mpaka mwezi wa mwisho wa mwaka, na mimi darasani nanuka nalo. Gunia la mazao halitakiwi kuzidi kilo 100, sheria ya vipimo iko wazi na lumbesa imepigwa marufuku miaka nenda miaka rudi. Sasa njoo uyaone magunia yanayoletwa kwenye Surf yangu, yameshonewa kilemba juu, na mwenye nayo anakuambia kwa upole, "Mwalimu, haya ni mepesi, saumu ni majani tu." Wakala wa Vipimo wakitaka mzani usiohongeka, waje wapime kwa bushi zangu za nyuma.

Basi gari likaanza kugonga. Ngo, ngo, kila likiingia kwenye korongo, na likipigwa breki linavuta kushoto. Kikao kikakaa. Mmoja alisema ni shokapu. Mwingine alisema ni injini, na alipoulizwa injini inawezaje kugonga gari likiwa limezimwa na kusukumwa, akasema magari ya siku hizi ni kompyuta. Fundi, ambaye ni mtu wa maneno machache na bei nyingi, alichomeka mtaimbo kati ya loa-amu na chesisi, akausukuma kwa kiganja kimoja. Mkono ulisogea hadi nikaona aibu. Raba ilikuwa imeachana na chuma chake zamani, vilibaki vipande vinaishi pamoja kwa mazoea.

"Badilisha mikono," akasema.

Hapo ndipo swali lilipoanza, kwamba mkono upi utadumu. Nimegundua kwamba hakuna watu wawili wanaopima udumu kwa kipimo kimoja.

Muuza spea, kwa mfano, anapima kwa kilo. Ukiingia dukani kwake hakuulizi gari lako ni la mwaka gani, anauliza, "Unataka mkono wa bei gani?" Kisha anakutandikia mezani ukoo mzima: wa Japani, wa Taiwani, wa Dubai, na ule ambao nchi yake haitajwi ila unang'aa kuliko yote. Dubai, kwa nijuavyo mimi, haifui mikono ya magari, ni kituo tu cha kupokea na kupanga upya, lakini dukani ina cheo chake katikati ya Mjapani na asiyetajwa. "Shika mwenyewe mzee, sikia uzito huo!" Nikashika. Kweli ulikuwa mzito. Tatizo ni kwamba uzito wa mkono unapanda na kushuka pamoja na gurudumu, na shokapu ndiyo inayolipia kila gramu. Tena chuma hafifu ukitaka kisipinde unakinenepesha, basi unene nao si cheti. Mimi nilitazama mashono ya welding. Mkono wa Surf ni bati nene lililokandamizwa vipande viwili na kuunganishwa, kwa hiyo penye mshono ndipo penye siri. Mshono wa kiwandani unakwenda sawasawa kutoka mwanzo hadi mwisho. Kwenye ule unaong'aa, mshono ulianza vizuri, ukapotea njia, ukarudi umechoka, na rangi ikamwagwa juu ili tusiulizane.

Upande wa boljointi kulikuwa na maboksi ya 555. Hilo ni jina la Sankei, kampuni ya Japani, na Afrika Mashariki nzima dereva asiyejua jina la mbunge wake analijua hilo. Kwa kuwa linajulikana, linaigwa. Duka moja lilikuwa nazo za bei tatu, boksi moja, rangi moja. Nilipouliza tofauti, kijana wa dukani akanijibu bila kupepesa: "Hii orijino, hii orijino ya kawaida, hii ya bei nafuu." Nikaziomba zote tatu nizizungushe. Boljointi njema ukiishika shina lake inagoma kidogo, halafu inakwenda kwa ulaini uleule pande zote. Moja ilikuwa inayumba mkononi ingali mpya, haijaiona hata barabara. Nyingine iligoma, ikaachia ghafla, ikagoma tena. Ya tatu ndiyo ilikuwa na adabu, na buti lake la raba lilikuwa laini, halina nyufa za kukaa dirishani juani. Ndiyo iliyokuwa ghali, naam.

Na kwenye boljointi ya chini ya Surf sitaki mzaha. Imewekwa hivi kwamba uzito wa gari hauikandamizi ndani ya kikombe chake, unaivuta itoke. Ikichakaa haikupi barua. Siku moja unakata kona na gurudumu linalala kifudifudi chini ya fenda, wewe umekaa umeinama unasoma tope. Mwaka 2005 Toyota wenyewe waliyaita gereji mamia ya maelfu ya magari huko Marekani, Tacoma na Tundra na zile 4Runner za mwisho za umbo la gari langu, kwa ajili ya boljointi hiyohiyo ya mbele. Huko wanaitwa kwa barua. Huku unaitwa na korongo.

Shemeji yangu naye anapima udumu kwa rangi. Yuko Arusha, anafanya kazi jirani na gereji inayorekebisha magari ya watalii, na ujirani huo umemtosha kuwa mhandisi. Alinipigia simu: "Shemeji, achana na mikono ya zamani. Weka ile ya bomba, ya kisasa, ile nyekundu. Inua na gari inchi mbili." Akanitumia picha. Kwa kweli inapendeza. Mikono ya bomba, imechomelewa vizuri, na kwenye ncha badala ya bushi ya raba kuna kitufe cha chuma kinachozunguka ndani ya chuma. Wenye mashindano ya magari wanavipenda kwa sababu havilegei wala havinyumbuliki. Nikamuuliza, "Shemeji, na vumbi?" Akauliza, "Vumbi gani?" Mtu ametoka Arusha mjini, mnaweza kumsamehe. Chuma kitupu kinachozunguka ndani ya chuma, kikila vumbi la Dongobesh la kiangazi kimoja, kitakuwa kinaongea kuliko yeye. Wanaoenda mashindanoni wanasafisha kila baada ya safari na wana sanduku la vipuri. Mimi baada ya safari natafuta maji ya kunywa.

Suala la kuinua gari ni kweli lina mantiki yake, nisimdhulumu. Ukiweka springi ndefu, mikono inainama kuelekea chini, pembe ya boljointi inafika ukingoni, na gurudumu linasogea nyuma kidogo hadi usukani unakuwa mwepesi wa kuyumba. Ndiyo sababu kuna watu, Waaustralia hasa, wanaotengeneza apa-amu zilizopindishwa upya kwa magari yaliyoinuliwa. Wale ARB wa Melbourne wako kwenye biashara ya magari ya porini tangu 1975, na nchi yao ina njia za vumbi na mawimbi zinazoweza kuitana ndugu na zetu. Nisingewabishia. Ila Surf yangu haijainuliwa. Inashushwa, na magunia. Kununua apa-amu ya gari lililoinuliwa kwa gari linaloburuza tumbo ni matumizi ambayo nisingeweza kuyaeleza nyumbani, ambako kila bei inabadilishwa papo hapo kuwa mbuzi. "Hiyo ni mbuzi wangapi, Baba watoto?" Na ukishataja idadi, hutajwi tena bila mbuzi hao.

Kuna mzee mmoja hapa ambaye yeye hapimi chochote, anahukumu. Enzi zake aliendesha Land Rover 109, na kwake historia ya magari iliishia hapo. "Ile haikuwa na mikono," anasema, akiwa ameegemea fimbo kwenye fenda yangu. "Mikono ya nini kwenye gari?" Kinachoniudhi ni kwamba mzee yuko sahihi kabisa. Land Rover zile zilikaa juu ya springi za majani, na jani lile linafanya kazi mbili, linabeba uzito na linashika ekseli isihame. Halihitaji mkono. Starehe ndiyo ilituponza. Mwaka 1970 Waingereza wakaleta Range Rover yenye springi za koili, laini, za kubembeleza mgongo wa tajiri, na koili haiwezi kushika kitu, inajua kuruka tu. Ikabidi iwekewe vyuma vya kuishikia ekseli, na bushi kwenye ncha za vyuma. Mwaka 1983 Land Rover yenyewe ikafuata, ile One Ten. Toyota nao walipofika 1999 wakaiwekea Land Cruiser Mkonga koili mbele, ila nyuma wakaacha majani, na ndiyo maana Mkonga ukiuona umebeba shehena za miradi yote ya wilaya, nyuma haulalamiki. "Unaona?" anasema mzee. Naona. Ila ile 109 yake, babu huyuhuyu akishuka alikuwa anahitaji dakika kadhaa kusimama wima, na hilo halisimulii.

Basi baada ya kusikiliza wote nikakata shauri, na shauri langu halikumfurahisha hata mmoja. Nilichukua loa-amu za mtumba kutoka Japani, za kiwandani, zisizo na bushi nzima hata moja.

Kikao kilipiga kelele. Mtumba! Mwalimu mzima! Nikawauliza, kati ya chuma na raba, kilichokufa kwenye gari langu ni kipi? Mikono yangu ya zamani ilikuwa imepinda kwa sababu gari lilikuwa limewahi kupigizwa jiwe na mtu nisiyemtaja aliyeliazima kwenda posa, lakini chuma kisichopigwa jiwe hakichakai, kinachochakaa ni raba. Kwa nini nilipie chuma kipya cha asiyetajwa ili nipate na raba ya asiyetajwa ndani yake? Chuma cha Japani ukikikuta kimenyooka, nusu ya kazi imekwisha. Niliiweka mikono yote miwili juu ya sakafu ya terazo ya duka, nikaitazama kwa kulala kifua, wateja wakapita pembeni yangu wakidhani nimeanguka. Nilitafuta nyufa kando ya mashono. Nilitafuta kutu, maana Japani nako kuna mikoa ya theluji ambako barabara humwagiwa chumvi, na chuma kilichoishi huko kinaoza kwa ndani huku nje kikitabasamu. Nilipogonga kwa spana, mmoja uliitika sauti safi. Mwingine ulitoa unga mwekundu kwenye tundu, nikaurudisha, nikaletewa wa tatu.

Bushi nikanunua mpya, za raba. Zile za poliyurethani za rangi ya njano nilizitamani, sikatai; haziliwi na mafuta, hazilegei upesi. Lakini kibomba chake cha ndani kinazunguka peke yake na kinataka grisi, na bila grisi kinalia kila kona. Mimi ni mwalimu. Nikifika shuleni nimechelewa sitaki kutangazwa na gari. Na boljointi ya chini ya Surf, kwa neema ya aliyeichora, imefungwa kwa boliti zake, haikupigwa ripiti ndani ya mkono kama ilivyo kwenye magari mengine ambako kikombe kikifa unazika mkono mzima. Nataka gari linalokufa kipande kimoja kimoja, kwa zamu, na kila kipande kife mahali ambapo fundi wa Dongobesh anaweza kukitoa kwa vaisi na nyundo. Mikono ya aluminiamu ya magari ya kifahari sijaiwazia hata ndotoni. Ikipasuka huku, nani ataichomelea?

Kufungua ndiko kulikotuchelewesha. Boliti za loa-amu zina jicho la pembeni, ukilizungusha unasogeza gurudumu ndani au nje, na kwa umri wake zilikuwa zimeoana na vibomba vya bushi kwa ndoa ya kanisani. Fundi alipiga, akapulizia dizeli, akapiga, akaomba soda, mwishowe akakata kwa gesi. Kabla hajakata nikachora alama kwa chaki mahali macho yale yalipokuwa yamekaa, kitendo ambacho kikao kilikiona cha kishamba. Wao wanaamini kupimisha magurudumu kwa kamba.

Halafu ikaja ile ya kukaza. Gari liko juu ya jeki, magurudumu yananing'inia, fundi anashika spana ndefu na kuvuta pumzi.

"Fundi, subiri. Zishike tu kwa vidole. Tutakaza likishuka chini."

"Mwalimu, nimezifunga hizi wewe ukiwa bado hujui gia."

"Na zilidumu muda gani?"

Akanitazama. Swali halikuwa la adabu, ila lilikuwa halali. Bushi ya raba haizungushi kitu, raba yenyewe ndiyo inayojisokota na kurudi. Ukikaza boliti gurudumu likiwa linaning'inia, kibomba cha ndani kinabanwa katika hali ile ya kuning'inia. Ukishusha gari, raba inasokoteka kama nguo inayokamuliwa, na itabaki inakamuliwa mchana na usiku, hata gari likiwa limelala nyumbani. Ndipo watu wanasema spea za siku hizi hazidumu. Zinadumuje, zimenyongwa siku ya kwanza?

Tukalishusha. Fundi akaingia uvunguni kwa manung'uniko, akakaza gari likiwa limesimama kwa miguu yake, na kikao kizima kikainama kumsimamia. Yule wa saumu akasema ndivyo alivyokuwa akisema tangu asubuhi.

Gari sasa halivuti kushoto na halitoi sauti. Kwa hiyo nilibandika masharti kwenye dashibodi, kwa mwandiko wa ubaoni: magunia yashonwe bila kilemba, kwenye mteremko wa Dareda ni gia ya chini, si breki, na atakayeliazima likirudi linagonga, bushi ni zake, na presi ni yake, na soda ya fundi ni yake. Mjomba wangu alikuja jioni kuliomba aende nalo msibani Katesh. Akavaa miwani, akasoma yote kwa utaratibu mpaka chini, akaikunja miwani akaitia mfukoni.

"Mjomba," akaniambia, "acha tu nipande Noah. Dereva wa Noah hana masharti."

Kikao kilichokuwa kando ya boneti kilimuunga mkono, na wawili wakaondoka naye.